Kichujio Kilichochelewa Kurudi

Katika familia yetu, mke wa mdogo wangu anaitwa Mama Chujio. Mama yetu ndiye aliyembandika jina hilo, siku ya kwanza shemeji alipokaa nasi mezani akaulizwa anafanya kazi gani.

"Natengeneza vichujio, mama," alijibu.

"Vya chai?"

"Hapana, mama. Vya mawimbi. Mawimbi mafupi ya redio, haya wanayoita maikrowevu."

"Ya kupashia chakula?"

"Hayo ni ndugu zake. Haya ya kwangu hayapiki kitu."

Mama alimgeukia mdogo wangu akamtazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Haya. Mwenzio kamaliza chuo kizima, karudi na chujio. Tena hata chai halichuji!"

Meza nzima ikacheka. Shemeji naye akacheka, akaongeza kwamba chujio lenyewe ni dogo kuliko kiberiti, na jina likamganda toka siku hiyo.

Naandika habari zake kwa sababu nimechoka kusoma habari za watu waliofika. Magazeti yamejaa waliofika, na mara chache sana tunaambiwa walipitia wapi na walimkanyaga nani. Mama Chujio hajafika popote kwa vipimo vya watu wa aina hiyo. Hana gari, hana cheo, na picha yake haijatundikwa ukutani mwa ofisi yoyote. Lakini kuna siku moja aliyosimama mahali ambapo wengi wetu tungekaa, nami naona si haki siku hiyo ipite bila kusimuliwa.

Kwanza kazi yenyewe. Nilikwenda kumwona maabara, chumba cha mwisho kwenye korido ya chuo cha ufundi, nikaeleweshwa kama anavyoeleweshwa mtoto. Hewa tunayoiona tupu imejaa mawimbi: ya simu, ya redio, ya ndege. Chombo kinachosikiliza lazima kiwe na bawabu mlangoni, wa kuruhusu wimbi moja na kuyafukuza mengine. Bawabu huyo ndiye kichujio. Vya kawaida vinachongwa kwa chuma, na kila kimoja kinajua wimbi moja tu maisha yake yote. Ukitaka wimbi lingine, ununue kingine, au upande mnarani na bisibisi.

Kichujio cha Mama Chujio kilikuwa bawabu anayebadilika kwa amri. Ndani yake kulikuwa na tabaka la fuwele kimiminika, jamii ileile ya vitu inayoandika tarakimu kwenye kikokotoo na saa ya mkononi. Kwa macho ni ute mweupe, kama maziwa yaliyozidishwa maji. Chembe zake ni ndefu ndefu, mithili ya njiti za kiberiti, na hupenda kulala zote zikielekea upande mmoja. Ukizipitishia umeme, zinasimama. Zikisimama, wimbi linaloingia linaikuta njia imebadilika, na bawabu anafungulia wimbi lingine. Kwa hiyo unakaa kitini, unazungusha swichi, na kichujio kinahama kutoka wimbi hili hadi lile bila mtu kushika bisibisi.

Ili njiti hizo zilale sawa, kioo kinachozifunika hupakwa utando mwembamba, kisha husuguliwa kwa kitambaa cha mahameli. Husuguliwa upande mmoja tu. Ukisugua kwa kwenda na kurudi, kama mtu anayefuta meza, chembe hazijui zielekee wapi na kioo ni cha kutupa. Nilimwona shemeji akisugua. Mkono unakwenda, unainuliwa, unarudi hewani, unakwenda tena. Nilitaka kumuuliza jambo, fundi wa vipimo, mwenzake wa maabara, akanivuta shati.

"Usimsemeshe, shemeji," alininong'oneza. Anamwita Mama Chujio dada, kwa hiyo na mimi nilikuwa nimeshapewa ushemeji bila kuombwa. "Dada akishika mahameli, hata moto ukiwaka humu atauambia usubiri."

Kichujio hicho kilikuwa kimeombwa na kikosi cha uokoaji. Kikosi kina kituo cha mawimbi juu ya kilima, nacho hukaa kikisikiliza njia ya kawaida. Wito wa hatari ukiingia, chombo kinahamia njia ya dharura, kinapokea maelezo, kisha kinarudi kwenye njia ya kawaida kusubiri wito mwingine. Walitaka kuhama huko kufanywe na kichujio kimoja badala ya rundo la vichujio vya chuma vinavyoshika kutu huko juu.

Na hapo ndipo maisha ya Mama Chujio yalipokuwa yamefungwa. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa muhula. Mkuu wa maabara, mtu mzima mwenye suti moja ya kijivu na sauti ya upole, alimwambia bila kuzunguka: kikosi kikikipokea kichujio, chuo kitampa ajira ya kudumu. Kisipokipokea, hana namna ya kumbakisha. Nyumbani walikuwa wanne katika vyumba viwili, yeye, mume, binti yao na mama yetu. Karakana ya useremala ya mdogo wangu ilikuwa na mwezi wa kazi na mwezi wa kupiga miayo. Ajira ile ilikuwa inangojwa na nyumba nzima.

Sasa sikilizeni kosa lilivyojificha, maana halikujificha kwenye uzembe. Lilijificha kwenye utaratibu mzuri.

Maabara ilikuwa na amri mlangoni, kwa herufi kubwa: hakuna kula wala kunywa humu. Amri ya busara kabisa, kwa sababu tone la chai kwenye kioo kile ni msiba. Kwa hiyo walijizoesha hivi. Wanaanza kupima umeme ukiwa sifuri. Wanaupandisha kidogo kidogo, na mstari kwenye skrini unahama kutoka kushoto kwenda kulia, wimbi baada ya wimbi, vizuri kabisa. Ukifika mwisho wanazima umeme, wanavua makoti meupe, wanatoka kwenda kunywa chai kwenye benchi la korido, wanapiga soga, wanarudi. Wakirudi wanaukuta mstari umekaa mahali pake pa mwanzo, tayari kwa duru nyingine. Walipima hivyo muhula mzima. Mtu akiuliza kama kichujio kinarudi, walijibu kwa dhamiri safi kwamba kinarudi. Kinachukua muda gani kurudi, hakuna aliyejua, kwa sababu wote walikuwa wanakunywa chai.

Wiki ambayo watu wa kikosi walitarajiwa kuja kukiona kichujio, binti yake aliamka na homa. Mama Chujio alitaka kumaliza mapema awahi nyumbani, akaiacha chai. Alizima umeme na papo hapo akaanza duru ya pili. Mstari ukaanzia mahali pasipo pake, katikati ya skrini.

Alidhani kebo imelegea. Akakaza kiungo. Mstari ukaanzia bado kando, ila si kando sana. Akafungua, akafuta, akafunga tena, na mstari ukawa sawa. Mtu mwingine angeshukuru na kwenda zake. Yeye akapandisha umeme mpaka mwisho, akauzima, akaiweka mikono mapajani na kutazama. Mstari ukaanza kurudi taratibu, kama mtu mzima anayeshuka ngazi na magoti mabovu. Ulisogea, ukatulia, ukasogea. Fundi wa vipimo alikuwa ameshamaliza kikombe chake na kurudi, na mstari ulikuwa bado uko njiani.

"Dada, mashine imechoka hiyo. Kama mimi."

"Mashine ni nzima," alisema. "Ni kichujio. Angalia."

Wakarudia pamoja, mara nyingi, na fundi akasahau utani. Maelezo yalikuja haraka kwa sababu wote wawili walisomea. Umeme huzisukuma chembe zisimame, lakini hakuna anayezisukuma zilale. Zinalala zenyewe, zikivutwa na zile zilizogusa kioo. Tabaka likiwa nene, zile za katikati ziko mbali na kioo na hazina haraka ya mtu. Na tabaka lake lilikuwa nene, robo ya milimita, kwa makusudi, ili wimbi lisipoteze nguvu njiani. Kuhama kulikuwa kufumba na kufumbua. Kurudi kulichukua zaidi ya dakika mbili.

Dakika mbili si kitu ukiwa na kikombe mkononi. Kwenye kituo cha uokoaji, ni dakika mbili ambazo mtu wa pili anaita na hakuna anayemsikia.

Mama Chujio alikwenda moja kwa moja kwa mkuu. Yeye mwenyewe na fundi walinisimulia mazungumzo hayo kwa nyakati tofauti, na yanalingana.

"Barua yao inasema wanataka kukiona kikihama," alisema mkuu. "Kitahama."

"Na kurudi, mzee?"

"Kurudi hawajauliza."

"Hawajauliza kwa sababu hawajui kama ni jambo la kuulizwa."

Mkuu alivua miwani. "Sikiliza, mwanangu. Sikutumi useme uongo. Tutawaonyesha kikihama, watafurahi, tutatoka kunywa chai, tutarudi, watakikuta kimerudi. Kila watakachokiona ni kweli. Wakishatia sahihi utapata mwaka mzima wa kukirekebisha, ukiwa na ajira mkononi. Nani ataumia?"

Nimelifikiria neno lile, kila watakachokiona ni kweli, na nasema bila kuuma maneno kwamba ndilo neno linaloharibu watu wema. Mwongo wa wazi huwa anajua amedanganya. Mtu wa namna hii anakwenda kulala akiwa safi. Namheshimu mkuu yule, na mbele nitaeleza kwa nini, lakini siku ile alikuwa anamfundisha binti wa watu kudanganya kwa kutumia ukweli.

Nyumbani jioni, homa ya mtoto ilikuwa imeshuka. Mama Chujio aliyamwaga yote mbele ya mumewe na mama, nami nilikuwepo, nimekuja kumjulia hali mtoto.

"Kwani ukinyamaza utakuwa umesema uongo?" aliuliza mdogo wangu. Si mtu mbaya. Alikuwa anatafuta mlango.

"Sitakuwa nimesema kitu. Nitakuwa nimepanga chai vizuri."

Mama akaingia kati. "Mwanangu, watu wanatafuta kazi mpaka soli za viatu zinaisha. Wewe kazi imekuja yenyewe imekaa mlangoni, unaiuliza imetoka wapi?"

"Mama, kile chombo ni cha kusikiliza watu wanaoomba msaada."

"Na sisi humu ndani tunaomba nini?"

Mdogo wangu alichezea gundi iliyokauka kwenye vidole vyake, kisha akasema, "Ningeambiwa nitengeneze kitanda, na nijue mguu mmoja una ufa, ningeupaka vanishi?"

"Ungeupaka," mama alisema. "Ulishawahi kuupaka. Kitanda changu kinalia mpaka leo."

Hata Mama Chujio alicheka. Lakini nilimwona akimpelekea mtoto maji, akaishia mlangoni na bilauri mkononi, amesahau alikokuwa anakwenda. Wanaodhani watu waadilifu hawaogopi hawajawahi kukaa karibu nao.

Siku ya ugeni alikuja mkubwa wa mawasiliano wa kikosi, mwanamume mnene mwenye buti zilizong'aa na kicheko cha karibu. Wote walimwita Afande. Mkuu wa maabara alieleza kwa ufasaha, fundi akawasha skrini, Mama Chujio akashika swichi. Alipandisha umeme, na mstari ukaruka kutoka kushoto kwenda kulia.

"Lahaula!" alisema Afande. "Yaani hakuna mtu kupanda mnara?"

"Hakuna," alisema mkuu. "Karibu sana, Afande, tukapate chai. Humu hairuhusiwi."

Afande aligeuka kuelekea mlangoni. Fundi wa vipimo anasema sekunde ile alitazama sakafu, kwa sababu hakutaka kuona shemeji ataamua nini.

"Samahani, Afande," alisema Mama Chujio. "Hujaona nusu ya pili."

Akazungusha swichi mpaka sifuri. Umeme ukakatika, na mstari ukabaki kulia, ukaanza kujikokota. Walisimama. Kiyoyozi kilinguruma. Afande alitazama skrini, akamtazama mkuu, akaitazama tena skrini.

"Kimekwama?"

"Hapana. Kinarudi."

"Mbona sioni kikirudi?"

"Ndivyo kinavyorudi."

Wakangoja. Mstari ulipofika mahali pake hatimaye, Afande hakuwa na kicheko tena.

"Sasa mtu wa pili akiita hapo katikati?"

"Hatumsikii, Afande."

"Mlijua?" Swali hili alimuuliza mkuu.

Na hapa ndipo mkuu anapostahili heshima yake. Angeweza kusema hakujua. Angeweza kumtupia lawama mwanamke aliyesimama pale na mkataba unaokwisha. Alisema, "Amegundua yeye, wiki hii. Akaniambia. Mimi ndiye niliyetaka tukanywe chai."

Afande alikusanya karatasi zake. Aliwapa mkono wote watatu, akaondoka bila kutia sahihi.

Mkataba ulipoisha, uliisha. Wapo watakaongojea niseme kwamba alizawadiwa hapo hapo. Hakuzawadiwa. Alipata kibarua kwenye duka la kutengeneza redio na televisheni, siku nzima ameinamia moshi wa risasi ya kulehemu. Mama yetu alimpokea jioni kwa kumuuliza kama hao wanaoomba msaada wamekuja kushukuru.

Mkuu wa maabara, kwa upande wake, alimpa ufunguo. Alimwambia kwamba ajira hana, lakini chumba kipo, na Jumamosi hakuna anayekitumia. Kwa hiyo kila Jumamosi Mama Chujio alikwenda kwa nauli yake kusugua vioo. Fundi wa vipimo naye akawa anapita, akidai amesahau kitu.

Kazi haikuwa rahisi. Alilipunguza tabaka unene mpaka likawa jembamba kama unywele, ili kila chembe iwe karibu na kioo. Kurudi kukawa kwa kasi, lakini wimbi likaanza kupoteza nguvu nyingi. Akaongeza unene kidogo, kisha akaweka kingo za shaba pembeni, ili umeme uzisimamishe chembe kutoka juu na kuzilaza kutoka ubavuni. Ziwe na msukumo wa kwenda na msukumo wa kurudi. Vioo vya kwanza vilivuja. Vilivyofuata viliingia mapovu ya hewa, kwa sababu alizima pampu ya kufyonza hewa mapema. Alivitupa vyote. Fundi alimwambia angalau kimoja kinafaa ukikitazama kwa jicho moja. Alijibu kwamba ana macho mawili.

Kilipotulia, mkuu mwenyewe ndiye aliyempigia Afande simu.

Afande alikuja na buti zilezile. Hakutaka maelezo wala utangulizi. "Mama, leo anza na kurudi."

Mama Chujio alikipeleka kichujio mpaka mwisho, kisha akazungusha swichi. Mstari ukawa umeshafika nyumbani kabla Afande hajakaa vizuri kwenye kiti. Akamwambia arudie. Akarudia. Akaomba azungushe mwenyewe, akazungusha kama mtoto aliyepewa redio, huku na huko, huku na huko, na mstari ukamfuata kila alikokwenda.

"Safi," alisema. "Safi sana."

"Afande, kabla hujasema safi," alisema Mama Chujio, na fundi akajishika kichwa, "hiki kinakula nguvu ya wimbi zaidi ya kile cha kwanza. Mtaongeza kikuza mawimbi kimoja mbele yake, la sivyo wito wa mbali utafifia. Na baridi ya kilimani itakifanya kizito kidogo. Kikiwa ndani ya kisanduku chenye joto kitakuwa sawa."

Afande alicheka mpaka akafuta macho. "Mama, wewe ukiuza gari utaanza na pancha!"

"Mnunuzi si atakutana nayo barabarani?"

Alitia sahihi ya majaribio: kichujio kimoja, kituo kimoja, kwanza waone. Chuo nacho kikampa Mama Chujio mkataba wa mwaka mmoja. Ajira ya kudumu ilikuwa imeshapewa mtu mwingine wa idara nyingine wakati yeye yuko kwenye moshi wa risasi, na nafasi za namna hiyo hazizaliwi kila muhula.

Jioni ile alifika nyumbani, akavua viatu, akakaa karibu na mama jikoni.

"Wamekupa?" aliuliza mama.

"Wamenipa, mama."

"Ya kudumu?"

"Ya mwaka mmoja."

Mama alisonya. Aliendelea kuchambua mchele, akatoa chuya, akatoa kijiwe. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Na hicho chombo, mtu akiita, halafu mwingine akaita, sasa wanasikika wote wawili?"

"Wote wawili, mama."

"Basi sogea huku unisaidie kuchambua. Macho yangu hayaoni vizuri, na wewe inaonekana kazi yako ni kuona vijiwe."